Kuanza kazi kwenye kampuni ndogo ya uhasibu Dar: mwongozo kamili wa miezi sita ya kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mfuko wa rambo uliojaa risiti. Ilikuwa kabla ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019. Siku hizi risiti zinaletwa kwenye boksi la viatu au mfuko wa khaki, ila fujo ni ile ile. Bosi akaniambia, "Za mwezi wa pili hizo, zipange," kisha akaingia kwenye kikao. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya uhasibu, najua kukokotoa uchakavu kwa njia tatu, lakini sikujua nianzie wapi. Nipange kwa tarehe? Kwa duka? Na hizi zilizofutika maandishi je?

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza kwenye ofisi ya namna ile: watu watano hadi kumi, ghorofani Kinondoni, Posta au jirani na Kariakoo, wateja kadhaa wenye maduka, malori, shule ya awali na asasi moja mbili. Kampuni kubwa huwa na wiki za mafunzo na vitabu vya taratibu. Huku mafunzo ni kukaa karibu na anayejua. Karibu yote nitakayokuambia yanatoka kwenye jambo moja: fanya kazi ili faili lisomeke hata wewe ukiwa umelazwa hospitali.

Kabla ya siku ya kwanza

Andaa nakala za vyeti, kitambulisho cha NIDA, TIN yako binafsi (namba ya mlipakodi), namba ya NSSF kama unayo, na akaunti ya benki. TIN usiichukulie poa, maana jina lako litaingia kwenye orodha ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya ofisi mwezi huo huo. Itakuwa aibu mhasibu mwenyewe ndiye anayechelewesha ritani (taarifa ya kodi) ya mwajiri wake.

Omba mkataba wa maandishi na uusome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Angalia mshahara uliotajwa ni kabla ya makato au baada. Muulize pia bosi wako mapema nauli ya kwenda kwa wateja inalipwaje. Wapo vijana wanaokwenda Mbagala na kurudi mara tatu kwa wiki kwa hela yao ya chakula kwa sababu waliona haya kuuliza.

Pima njia. Kama unatoka Kimara kuja mjini kwa mwendokasi, panda siku moja saa kumi na mbili unusu asubuhi uone foleni ya kituoni ilivyo. Na ukumbuke masika: Jangwani ikijaa maji, hesabu zako zote za muda zinavurugika, na masika huangukia miezi ile ile ambayo ofisi za uhasibu hazilali.

Wiki ya kwanza: watu, halafu mafaili

Salimia kila mtu, kuanzia mlinzi na dada wa usafi. Shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu shahada yake. Katika ofisi ndogo, anayejua faili la 2021 liko wapi kwa kawaida si bosi. Ni yule mama wa mapokezi aliyekaa pale miaka kumi, naye ndiye anayejua mteja gani akisema "nakuja kesho" ana maana ya wiki ijayo.

Nunua daftari la jalada gumu. Kurasa za nyuma andika orodha ya wateja, kila mmoja na mambo haya: biashara yake, mwaka wake wa hesabu unaisha lini, amesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) au la, ana wafanyakazi wangapi, anatumia benki gani na mitandao gani ya simu, na nani ofisini kwake anapokea simu. Nywila usiziandike humo. Daftari la mhasibu likisahaulika kwenye daladala ni msiba wa watu wengi.

Kisha omba faili la mwaka jana la mteja mmoja, dogo tu, ulisome kama unavyosoma hadithi. Anza na mizania, chagua tarakimu moja, uifuate kurudi nyuma: kutoka mizania hadi urari (orodha ya salio za akaunti zote), kutoka urari hadi leja (kitabu cha akaunti zenyewe), kutoka leja hadi vocha, hadi risiti yenyewe. Ukikwama njiani, andika ulipokwamia. Mimi zoezi hili lilinifundisha zaidi ya muhula mzima, kwa sababu niliona mahali ambapo mtangulizi wangu alikuwa amekata kamba: tarakimu ipo, karatasi hakuna, na yeye keshahamia Mwanza.

Risiti: kazi inayodharauliwa

Rudi kwenye ule mfuko. Zimwage mezani uzitenganishe mafungu matatu. La kwanza ni risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zenye jina na TIN ya mteja wako. La pili ni risiti za EFD zisizo na jina lake. La tatu ni vikaratasi vingine: stakabadhi za mkono, ankara, na ujumbe wa simu uliochapishwa. Kwa mteja wa VAT tofauti kati ya fungu la kwanza na la pili ni pesa halisi, maana kodi aliyolipa kwenye manunuzi hawezi kuidai kwa karatasi isiyomtaja. Mpigie mapema, mwambie kwa upole amkumbushe dereva wake kutaja TIN anaponunua. Utamkumbusha tena mwezi ujao, na ule mwingine.

Ndani ya kila fungu panga kwa tarehe, zipe namba kwa kalamu, halafu zipige skani au picha siku hiyo hiyo. Karatasi ya mashine ya EFD hufifia. Risiti iliyokaa kwenye dashibodi ya lori kutoka Dar hadi Tunduma inaweza kukufikia nyeupe pe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karatasi yenyewe haina uvumilivu huo. Risiti inayokutia shaka ihakiki kwenye mtandao wa TRA kwa namba yake ya uhakiki. Zimo bandia.

Kuhusu VAT yenyewe, kosa la kila anayeanza ni hili. Risiti ina jumla ya 118,000, kodi imo ndani. Kijana anapiga 118,000 mara asilimia 18, anapata 21,240. Si sawa. Unazidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118, unapata 18,000. Ukiona kodi haiachi salio la mviringo pale ambapo bei ilikuwa ya mviringo, simama uangalie tena.

Kalenda ibandike ukutani

Adhabu nyingi wanazopata wateja wadogo chanzo chake ni tarehe. Mwezi unakwenda hivi: tarehe 7 ni PAYE, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi, hulipwa na mwajiri) na kodi ya zuio (ile anayoikata mlipaji kabla ya kulipa) za mwezi uliopita. Tarehe 20 ni VAT. NSSF na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) zifungwe kabla mwezi haujaisha. Kwa mwenye mwaka wa kalenda, kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho ya mwaka uliopita ni ndani ya miezi sita, yaani 30 Juni, siku ile ile ya awamu ya pili. Usipange harusi Juni.

Wewe jiwekee tarehe zako za ndani. Orodha za mishahara ziwe mezani kwako tarehe 28, na risiti za VAT ziwe zimefika tarehe 10. Mteja ukimwambia "tarehe 20" ataleta tarehe 20 saa kumi na moja jioni, mtandao umelemewa na kila mhasibu wa nchi yumo.

Viwango hubadilika pia. Bajeti husomwa bungeni Dodoma mwezi Juni na Sheria ya Fedha huanza kutumika 1 Julai. Kiwango chochote unachokuta kwenye faili la zamani, au hapa, kihakikishe kabla ya kukitumia. SDL, kwa mfano, ilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na mwaka huo huo kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200.

Mishahara: fanya mmoja kwa mkono

Kompyuta itakupa jibu, lakini fanya mmoja kwa kalamu ili ujue jibu limetoka wapi. Chukua mfanyakazi wa 800,000 kwa mwezi. NSSF yake asilimia 10 ni 80,000, inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 720,000 ni 200,000 kwa asilimia 20, yaani 40,000. PAYE ni 60,000, na anapeleka nyumbani 660,000.

Mwajiri naye ana yake: NSSF 80,000 nyingine, WCF asilimia 0.5 ambayo ni 4,000, na kama ana wafanyakazi 10 au zaidi, SDL 28,000. Wateja wengi husahau sehemu hii. Mwenye duka anaajiri mtu wa kumi akidhani ameongeza mshahara mmoja, kumbe SDL imewaangukia wote kumi. Ukiona orodha ya mteja imefika tisa, mwambie bosi wako.

Usuluhishi wa benki, taratibu

Kusuluhisha ni kulinganisha leja yako na taarifa ya benki mpaka zikubaliane. Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mteja alikuwa muuza vifaa vya ujenzi. Nitakupa tarakimu za mfano, maana za kwake ni za kwake. Leja ya benki mwisho wa Machi ilisema 5,168,000. Taarifa ya benki ilisema 4,920,500. Tofauti 247,500.

Hatua ya kwanza, weka karatasi mbili sambamba na utie vema kwa penseli kila kinachoonekana pande zote. Usitafute tofauti, tafuta vinavyofanana. Tofauti zitabaki zenyewe zimesimama peke yake. Hatua ya pili, orodhesha vilivyoko benki tu: makato ya benki 17,500, na mteja aliyelipa moja kwa moja 350,000. Hivi vinaingizwa kwenye leja. Hatua ya tatu, orodhesha vilivyoko leja tu: hundi ya 200,000 ambayo mpokeaji hajaipeleka benki, na 600,000 zilizowekwa jioni ya tarehe 31 ambazo benki ilizipokea tarehe 1. Hivi havirekebishwi, vinaelezwa.

Upande wa benki: 4,920,500 jumlisha 600,000 toa 200,000, ni 5,320,500. Upande wa leja: 5,168,000 toa 17,500 jumlisha 350,000, ni 5,500,500. Bado kuna 180,000.

Ilikuwa saa moja usiku, tumbo linauma kwa njaa. Nikafungua akaunti ya muda, nikaitupa 180,000 humo, nikaandika "marekebisho". Ikasawazika. Nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake bosi akaniita. "Mwanangu, hii 180,000 ni ya nani?"

"Ni tofauti tu, mama."

"Tofauti haina jina?"

Hakunifokea. Alichukua kikokotozi, akagawanya 180,000 kwa 9, ikatoka 20,000 kamili bila baki. Akaniambia nitafute malipo ambayo tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Dakika kumi hazikufika: mfanyabiashara mmoja alilipwa 645,000 na mimi mwenyewe ndiye niliyeandika 465,000. Tofauti inayogawanyika kwa 9 karibu kila mara ni tarakimu zilizopishana, au sifuri iliyozidi au kupungua. Tofauti inayogawanyika kwa 2, tafuta nusu yake: huenda kuna kitu umekidebiti badala ya kukikrediti. Na kama haigawanyiki kwa chochote cha maana, ujue makosa ni zaidi ya moja, kwa hiyo kanywe chai kwanza.

Usiache chochote kwenye akaunti ya muda bila maelezo. Ikibidi kulala humo, andika pembeni: ni nini unachodhani, umemuuliza nani, lini, akajibu nini.

Fanya usuluhishi huo huo kwa simu. Biashara nyingi za Dar sasa zinapokea kwa lipa namba na M-Pesa, na mwenye duka mara nyingi anachanganya laini ya biashara na ya nyumbani. Omba taarifa ya miamala ya miezi yote, sio picha za ujumbe. Utakuta ada ya shule, mchango wa harusi na luku mle mle kwenye mauzo. Usimwamulie kipi ni cha biashara. Weka alama, mtumie orodha, ajibu kwa maandishi.

Ukienda kwa mteja

Nenda na orodha iliyochapwa ya unachokitaka, nakala mbili. Moja mwachie, ya pili akusainie ulichopokea. Ukichukua mafaili, andika ni mangapi. Beba mfuko usiopitisha maji, kwani bodaboda haina paa, na leja iliyolowa hakuna mashine ya kuikausha.

Mteja mtu mzima hutampata kwa kumwuliza kama askari. Salimia, kaa, pokea maji. Mwulize biashara inakwendaje, na usikilize kweli, maana majibu ya ukaguzi yamo humo. Akikuambia lori moja limelala gereji tangu Januari halafu unaona mafuta ya lori hilo mwezi Machi, umeshapata swali lako.

Kodi ya zuio itawaletea ugomvi. Kampuni inapopanga fremu inatakiwa izuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, na asilimia 5 kwenye ada za huduma za kitaalamu. Mwenye nyumba wa Kariakoo anataka pesa yake kamili, hataki kusikia habari hizo. Ukimkuta mteja hajazuia, usimbishie pale dukani. Andika kiasi, andika miezi, mpelekee bosi.

Mambo matatu sina masihara nayo. Usipokee pesa ya kodi ya mteja kwenye simu yako, hata akikubembeleza vipi: "Nikurushie wewe ulipe, mimi nina foleni." Mpe namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mtaani inaitwa kontrol namba, alipe mwenyewe akutumie risiti. Pili, usizungumzie mauzo ya mteja kwenye daladala, kwa mama ntilie, wala kwenye kundi la WhatsApp la mliomaliza chuo pamoja. Tatu, akikuomba "upunguze kidogo" mauzo, jibu ni kwamba hilo utalifikisha kwa bosi, na ulifikishe kweli, siku hiyo hiyo. Bahasha uliyopewa ya "soda" itaje pia. Sahihi kwenye ripoti ya ukaguzi ni ya mwenye cheti cha CPA-PP (mhasibu aliyeruhusiwa kuhudumia umma), na yeye ndiye Bodi ya Wahasibu, NBAA, itakayemuita.

Kuuliza bila kuchosha watu

Usimwendee bosi na swali moja moja kila dakika tano. Kusanya maswali, lakini yale yanayokuzuia kuendelea usiyalaze zaidi ya nusu saa. Kila swali liende na ulichokwisha kujaribu: "Nimeangalia mwaka jana, iliwekwa kwenye matengenezo. Mwaka huu ni injini nzima, milioni sita. Naona iende kwenye mali za kudumu, sawa?" Swali la hivyo hujibiwa kwa neno moja, nawe ukaliandika jibu, pamoja na tarehe, kwenye faili la mteja.

Ukikosea, sema kabla hawajagundua. Ritani iliyokosewa hurekebishwa, na saa ishirini na nne za mwanzo ni rahisi kuliko miezi mitatu baadaye barua ikiwa imeshafika kwa mteja.

Mitihani na programu

Mitihani ya NBAA iko Mei na Novemba. Mei inagongana na msimu wa kazi, kwa hiyo anayeanza Januari nadhani afadhali alenge Novemba, masomo machache, na aombe ruhusa ya siku za mtihani kwa maandishi mapema. Mwambie bosi unafanya mtihani. Wengi walipita njia hiyo hiyo na watakuazima vitabu.

Tally au QuickBooks utajifunzia hapo hapo ofisini. Excel usingoje kufundishwa: jua kuchuja, kupanga, kujumlisha kwa masharti na VLOOKUP, hizo zitakufikisha mbali. Majina ya mafaili yaanze na mwaka na mwezi, kisha mteja, kisha kazi. Ukiita faili "mwisho", kesho kutakuwa na "mwisho2", na keshokutwa "mwisho_kabisa", na hakuna atakayejua lipi lilipelekwa TRA.

Mwezi wa sita

Chukua faili la mteja wako wa kwanza, lile ulilolishika ukiwa hujui kitu. Mpe mwenzako wa meza ya jirani, umwambie atafute majibu matatu bila kukuuliza: salio la benki la Machi limetokana na nini, VAT ya mwezi huo ilidaiwa kwa risiti zipi, na nani kwa mteja alithibitisha miamala ya simu. Kaa kimya uendelee na kazi yako. Atafika mahali atainua kichwa aseme, "Hii 350,000 ni nini?" Jibu litakuwa limekwishafika mdomoni. Limeze, chukua kalamu, uliandike kwenye faili.